Mstari wa Nne

Tao la Septimius Severus unaweza kuliona bila kulipa hata senti. Hilo ndilo jambo la kwanza binamu yangu alinifunza kuhusu Roma. Watalii hupanga foleni upande wa Colosseum, wanakata tiketi, wanapekuliwa mabegi, halafu wanaivuka Forum yote juani ndipo walifikie huko mwisho. Yeye hupanda kilima cha Capitolino, anazunguka nyuma ya jumba la baraza la mji, na hapo kuna ukuta wa kuegemea. Forum nzima iko chini yako kama bonde. Tao lenyewe liko karibu kabisa, na maandishi yake hayakuumizi shingo kama ukiwa kule chini.

"Mimi huja hapa mchana," aliniambia. "Nyanya ninayemtunza hulala kutoka saa nane hadi saa kumi. Nikibaki kwa nyumba nitalala pia, na nikilala naota niko Nairobi."

Nasema binamu kwa sababu ndilo neno la kamusi. Kwetu, mtoto wa baba mdogo ni dada yako na stori inaishia hapo. Isitoshe tunaitwa jina moja, mimi na yeye. Kila mmoja wetu ni binti wa kwanza wa babake, na Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama ya baba. Kwa hivyo sote wawili ni shosho. Lakini nilikuwa na miaka 29 nilipomwona mara ya kwanza, pale uwanja wa ndege wa Fiumicino, amevaa koti la baridi mwezi wa tisa. Baba zetu waliacha kuongea kabla sijaanza shule ya nasari. Mambo ya shamba. Ekari tatu, na mnajua jinsi hizo stori huenda.

Tutarudi huko. Kwanza tao.

Tao la ushindi, ukilifikiria vizuri, ni lango lisilofunga kitu. Halina ukuta kulia wala kushoto, halina mlinzi wala komeo. Kazi yake ni kubeba sanamu na maandishi, na kukulazimisha upite chini ya jina la mtu. Hili lilizinduliwa mwaka wa 203 baada ya Kristo. Lina urefu wa zaidi ya mita 20, lina njia tatu, moja kubwa katikati na mbili ndogo pembeni, na limevikwa marumaru ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Juu yake palisimama gari la farasi la shaba, kaizari na wanawe ndani yake. Hilo tunalijua kutokana na sarafu za wakati huo, kwa sababu sanamu zenyewe zilipotea zamani.

Lilijengwa kusifu vita dhidi ya Waparthia, dola iliyotawala sehemu za Iran na Iraki ya leo. Severus aliwapiga mara mbili katika miaka ya 190, na mara ya pili jeshi lake likauteka na kuupora Ctesiphon, mji wao mkuu, ulio karibu na Baghdad ya sasa. Michoro minne mikubwa iliyochongwa kwenye tao inaonyesha miji ikizingirwa na kuanguka. Mvua na moshi vimeilamba kiasi kwamba ukiitazama haraka unaona tu vichwa na ukungu. Michoro iliyohifadhika vizuri iko chini, kwenye misingi ya nguzo, mahali ambapo mtalii mchovu huegemea kufunga kamba za viatu. Pale kuna mateka. Wanaume wa Kiparthia waliovaa suruali na kofia, wamefungwa, kila mmoja akiongozwa na askari wa Roma. Sura zao zina huzuni ya kweli. Aliyezichonga alijua kazi yake, na nadhani aliwahi kuona mateka wa kweli.

Kichekesho ni kwamba huenda ushindi wenyewe haukusherehekewa na mshindi. Kuna kitabu cha kale kiitwacho Historia Augusta, ambacho wanahistoria hukisoma jinsi mtu mwenye akili anavyosoma jumbe za grupu ya WhatsApp ya ukoo, yaani kwa tahadhari kubwa. Kitabu hicho kinasema Severus alikataa maandamano ya ushindi kwa sababu ya ugonjwa wa jongo. Miguu ilimuuma hata asingeweza kusimama kwenye gari la farasi.

Sasa, Severus mwenyewe. Hii ndiyo sababu nilitaka kuliona tao hili kuliko lile la Constantine lenye umati, au lile la Titus. Alizaliwa mwaka wa 145 huko Leptis Magna, mji wa pwani ya Libya ya leo. Ni kaizari wa kwanza wa Roma aliyezaliwa Afrika. Watu wa kwao waliongea Kipuni, lugha iliyoletwa na Wafoinike waliojenga Karthago, na yeye Kilatini alikisoma. Hicho hicho kitabu cha umbea kinadai kwamba hadi uzeeni lafudhi ya Kiafrika haikumtoka mdomoni. Tena kinasimulia kwamba dada yake alikuja kumtembelea Roma, na Kilatini chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba kaizari aliona haya, akampa zawadi na kumrudisha Leptis.

Nilipomsimulia binamu yangu alicheka hadi akashika ukuta. "Yaani kaizari alikuwa anashrub!" Halafu akanyamaza kidogo. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza hapa, mtoto wa yule nyanya alikuwa akimwomba asipokee simu ya nyumba, eti wageni hawamwelewi. Sasa anaongea Kiitaliano kuliko nilivyowahi kuongea lugha yoyote ya kigeni, na bado akiingia dukani wanamjibu kwa Kiingereza.

Kuna watu kwenye mitandao ya Kenya hupenda kusema Severus alikuwa kaizari mweusi, na kuna wengine hukasirika sana wakisikia hivyo. Babake alitoka ukoo wa Kipuni wa Leptis, mamake ukoo wenye asili ya Italia. Kuna picha moja iliyochorwa kwa rangi juu ya ubao wa mviringo huko Misri, sasa iko Berlin, inayomwonyesha akiwa na ndevu za kijivu na ngozi ya kahawia, mkewe pembeni akiwa mweupe zaidi. Tatizo ni kwamba wachoraji wa enzi hizo walizoea kuwapaka wanaume rangi iliyokolea kuliko wanawake. Kwangu mimi hoja ya lafudhi ina uzito kuliko ya ngozi. Waroma hawakuwa na vikapu vyetu vya rangi, lakini walikuwa na masikio, na walijua kumsikia mtu wa mbali.

Leptis aliupenda. Aliurembesha kwa bandari, Forum mpya, na tao lake pia, la njia nne. Baadaye Wazungu waliurembua: nguzo zake nyingine zilibebwa hadi Ufaransa enzi ya Louis XIV, nyingine zikaishia Windsor, Uingereza, katika karne ya 19, zikapangwa bustanini zionekane kama magofu. Magofu ya kweli yaliyosafirishwa kwa meli yakawe magofu ya uongo. Sina la kuongeza hapo.

Ukishuka ngazi kutoka pale juu kwenda upande wa Forum, unapita mlango wa jela. Ni jengo dogo chini ya kanisa, na bila bango la tiketi ungelipita tu. Ndani, chini ya chumba cha kwanza, kuna shimo la mawe ambalo Waroma waliliita Tullianum. Zamani liliingiliwa kwa tundu la sakafuni tu. Mtu aliteremshwa, hakupandishwa. Maandamano ya ushindi yalipofika karibu na hapa, jemadari aliendelea kupanda kilimani kwenda kwa hekalu la Jupiter, na viongozi wa mateka wakatolewa msafarani na kuletwa hapa wafe.

Mmoja wao alikuwa Mwafrika kama Severus. Jugurtha, mfalme wa Numidia, sehemu ambayo leo ni Algeria. Alipelekwa kwenye maandamano ya jemadari Marius tarehe 1 Januari mwaka wa 104 K.K., kisha akatupwa shimoni. Plutarch anasimulia kwamba walinzi walimchania nguo na kumng'oa herini pamoja na kipande cha sikio, na kwamba akiwa uchi mle chini alifanya mzaha kuhusu ubaridi wa bafu la Waroma. Alikaa siku sita bila chakula. Kutoka mlango wa jela hiyo hadi tao la Severus ni hatua chache, hata maji ya chupa yako hayajapungua. Miaka 300 na kitu kati yao. Mwafrika wa kwanza aliingia mjini akiwa kwenye minyororo, wa pili jina lake likawekwa juu ya lango.

Ningependa kuiacha hivyo, inapendeza. Lakini Jugurtha hakuwa malaika. Mfalme Micipsa, ami yake aliyemlea, aliwaachia ufalme watu watatu: wanawe wawili na huyu Jugurtha aliyemfanya mwanawe. Jugurtha akamuua mmoja, halafu wa pili. Hakutaka kugawana.

Siku ya pili tulilipa tiketi tukaingia. Binamu yangu alikuwa amepewa siku nzima ya mapumziko. Nilitaka kusimama chini ya tao lenyewe, ingawa siku hizi lina uzio na hupiti katikati. Ukisimama mbele yake na kuinua kichwa, unaona maandishi yamejaza sehemu yote ya juu, na yamerudiwa sawasawa upande wa pili. Herufi zilikuwa za shaba iliyopakwa dhahabu, kila moja ikipachikwa kwenye mfereji uliochimbwa kwa umbo lake na kushikiliwa kwa vipini. Shaba iling'olewa zamani na watu waliokuwa na matumizi bora zaidi. Ilibaki mifereji na matundu.

Mistari ya kwanza inamtaja Severus na mwanawe mkubwa, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Caracalla. Mstari wa nne unasema jambo la jumla tu, kwamba hawa ni watawala bora na mashujaa sana. Maneno matupu. Kama umewahi kujaza kurasa za insha kwa sababu mwalimu alitaka kurasa tatu, utayatambua. Na ukitazama vizuri, jiwe la mstari huo limebonyea kidogo kuliko majirani zake, na lina matundu ambayo hayahusiani na herufi zilizopo sasa. Ni matundu ya herufi nyingine. Wasomi waliyafuata moja moja, wakasoma kilichokuwa hapo mwanzo: Publius Septimius Geta, mtukufu Kaizari. Mwana wa pili. Hata mwisho wa mstari wa tatu uliguswa, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na neno *et*, yaani "na". Caracalla *na* Geta. Walikwangua mpaka kiunganishi.

Walitofautiana kwa karibu mwaka mmoja tu, Caracalla wa 188 na Geta wa 189. Baba yao alifia York, kaskazini mwa Uingereza, Februari mwaka wa 211, akiwa vitani. Cassius Dio, seneta aliyeishi wakati huo, anasema aliwaacha na usia wa mambo matatu: wapatane, wawalipe askari vizuri, na wengine wote wasiwajali. Walishika mawili ya mwisho. Walirudi Roma na majivu ya baba, wakaigawa ikulu, wakaziba milango ya kati. Herodian, mwandishi mwingine, anasema walifikia hatua ya kuketi na ramani na kupendekeza kuigawa dola yenyewe, Ulaya ya mkubwa na Asia ya mdogo. Mama yao, Julia Domna, binti wa Emesa, yaani Homs ya Syria, akawauliza kama na yeye watamkata nusu kwa nusu ndipo kila mmoja azike kipande chake. Kuna wanahistoria wanaoona kisa hiki kimetiwa chumvi. Labda. Mimi nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya kugawa shamba, wenye ramani ya sarveya mezani na chai ikipoa, na sentensi hiyo nimeisikia ikitoka kwa mama mwenye kitenge.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Caracalla alimwomba mama awaite wote wawili chumbani kwake wapatane. Geta akaja bila walinzi. Maafisa wa jeshi wakaingia wakamchoma. Dio anasema alikimbilia kwa mama akamng'ang'ania shingoni, na akafia hapo, damu ikimtapakaa mama. Julia alijeruhiwa mkono lakini hakuuona. Na anaongeza jambo ambalo mimi huliona baya kuliko yote: mama hakuruhusiwa kumlilia. Ilimbidi aonekane mwenye furaha.

Kisha amri ikatoka jina lifutwe. Si kwenye tao hili tu. Kwenye mawe ya barabarani, kambi za jeshi, mahekalu, hata kwenye karatasi za mafunjo kule Misri jina lake limekwaruzwa. Kwenye ile picha ya ubao ya Berlin, familia ilikuwa ya watu wanne. Baba, mama, watoto wawili wa kiume mbele. Uso wa mmoja umefutwa kabisa, umebaki mviringo wa kijivu juu ya mabega yaliyovaa vizuri. Dio anasema watu walioonekana kuwa upande wa Geta waliuawa wapatao 20,000, idadi ambayo waandishi wa kale hupenda kuikuza, lakini hata ukiigawa kwa kumi ni maiti wengi sana wa ugomvi wa ndugu wawili.

Halafu kuna hili, ambalo vitabu vingi vya watalii hupita bila kulisema. Geta lilikuwa jina la babu. Baba ya Severus aliitwa Publius Septimius Geta. Kaka ya Severus vilevile. Mtoto alipewa jina la ukoo, kama tunavyofanya sisi, ili mzee asipotee. Caracalla alipotuma watu wenye tindo, walikuwa wanamfuta babu yake pia.

Nilimweleza binamu yangu haya yote tukiwa tumekaa kivulini, mgongo kwa mawe ya jukwaa la wahutubu. Yeye akaangalia juu tu. Akauliza, "Kwa nini hawakuliangusha lote wakajenga jipya? Si alikuwa na pesa?"

Swali zuri. Jibu langu lilikuwa kwamba jina la Caracalla lilikuwa juu yake pia, na la baba, na ushindi wenyewe alikuwa anauhitaji. Unataka tao, hutaki tu mtu mmoja ndani yake.

"Sawa na ile picha," akasema.

Sikuwa nimemwambia kuhusu picha. Nilidhani hajui. Sebuleni kwa shosho, Limuru, kulikuwa na picha ya studio, ya rangi zilizopauka. Shosho ameketi kwenye kiti, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji, baba amesimama upande mmoja na suruali pana za miaka ya sabini. Upande wa pili picha iliishia ghafla, na fremu ilijazwa kwa kipande cha kadibodi ya sanduku la mafuta ya kupikia. Nilipokuwa mdogo niliamini ndivyo studio zilivyouza picha, kwamba ukikosa pesa unapewa isiyokamilika. Nilikuwa darasa la saba nilipogundua kwamba mkono wa kushoto wa shosho umekatwa karibu na kifundo, kwa wembe, mstari umenyooka kabisa. Kuna mtu alitumia rula.

Jina la baba mdogo halikutajwa nyumbani. Lilikuwa likisemwa "yule". Alipofariki mwaka wa 2016 baba hakuenda mazishi, na siku hiyo alishinda akirekebisha lango la boma ambalo halikuwa limeharibika. Binamu yangu ndiye anabeba hilo jina, liko kwenye pasipoti yake, la pili baada ya la shosho.

Nilimwomba msamaha, sijui kwa niaba ya nani. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, achana nayo. Twende nikuonyeshe nyingine."

Kwanza nigusie kidogo jinsi tao lilivyopona, kwa sababu mambo mengi ya Forum hayakupona. Liliokolewa na ukosefu wa heshima. Katika Zama za Kati kanisa liliegemezwa kwalo, na juu yake kukawa na ngome, kwa hivyo hakuna aliyelibomoa kwa ajili ya chokaa. Udongo na takataka za karne nyingi vikalizika hadi karibu nusu. Forum yenyewe ikaitwa Campo Vaccino, uwanja wa ng'ombe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, mifugo ikilala walipohutubia maseneta. Mwaka wa 1803 ndipo Papa Pius VII na mtaalamu wake Carlo Fea walipoanza kulichimbua. "Yaani hapa palikuwa Dagoretti," binamu yangu akasema, na nimeshindwa kupata maelezo bora.

Nyingine aliyotaka kunionyesha iko mwendo wa dakika kumi, upande wa mto, imebanwa na ukuta wa kanisa la San Giorgio in Velabro. Wanaiita tao lakini ni lango la mraba tu, juu limelazwa bapa. Lilijengwa mwaka wa 204 na watu wa soko: wabadilishaji fedha na wafanyabiashara wa ng'ombe wa eneo hilo, kumheshimu Severus na jamaa yake. Fikiria chama cha wauza mifugo wakichanga pesa za kumpendeza mkubwa. Kila nchi inawajua.

Hakuna foleni hapa. Kulikuwa na paka na sisi. Ndani ya lango, ukutani, kuna michoro miwili inayotazamana. Upande mmoja Caracalla anatoa sadaka peke yake, kwa sababu mkewe na baba mkwe wake waliokuwa naye walishafutwa. Aliwaua pia, mzee mwaka wa 205, binti baadaye. Upande wa pili wamesimama Severus na Julia Domna, nguo zimefunika vichwa, wamechongwa kwa kujaa kama watu wanaoweza kushuka. Kando yao jiwe ni tupu. Si tupu kama ukuta, tupu kama ubao uliofutwa vibaya. Unaiona kazi ya tindo, na unajua ni urefu wa mtu. Chama cha wauza ng'ombe kililipa picha ya familia, kisha mtu akaletwa kuichana, na mama akaachwa pale akiwa ameelekea nje, kana kwamba hakuna kilichotokea ubavuni mwake.

Binamu yangu alikaa pale muda mrefu. Alisema huwa hapiti njia hii.

Jioni nilimsindikiza hadi kituo cha treni cha Circo Massimo. Jengo refu jeupe lililo karibu na kituo ni makao makuu ya FAO. Lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia ya Afrika, na mbele yake Mussolini alisimamisha mnara wa Axum, jiwe la mita 24 lililoporwa Ethiopia mwaka wa 1937. Italia iliahidi kulirudisha kwenye mkataba wa 1947. Lilirudi 2005, vipande vitatu kwa ndege. Lakini mwaka wa 1960 lilikuwa bado hapo, na Abebe Bikila, akiwa miguu mitupu usiku wa mbio za maratoni za Olimpiki, alipolifikia ndipo alipochomoka. Alimalizia chini ya tao la Constantine, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Niliangalia ile nafasi kwa muda. Hapo sikuhisi huzuni. Kuna nafasi zilizo wazi kwa sababu kitu kimekwenda kwao.

Usiku huo, saa tano, simu ililia. Binamu yangu alikuwa ametuma picha bila neno lolote. Studio ilikuwa imetoa nakala mbili, na babake alihama na ya kwake. Maporomoko ya maji yale yale. Shosho katikati. Baba kulia, kijana, anajikaza asicheke. Kushoto, mvulana mrefu mwenye afro na shati la maua, na mkono wa shosho, ule uliokatwa kwetu, umeshika kidole chake kimoja.

Nilimtumia baba. Aliiona dakika ile ile, alama mbili za bluu. Akanyamaza siku mbili.

Siku ya tatu alinipigia nikiwa kwenye treni ya kwenda Fiumicino. Picha hakuitaja. Aliuliza kama nimekula, na kama huko kuna baridi. Halafu akauliza, akilitaja jina la ndugu yake kwa mara ya kwanza masikioni mwangu, kama binti yake ana nauli ya kuja nyumbani Krismasi.